Eiger: Ukuta Ambao Hatari Yake Hupimwa kwa Saa

Kwa urefu wake tu, Eiger usingekuwa na jina kubwa. Mlima huu wa Uswisi, ulio katika safu ya milima ya Bern, una kilele chenye mita 3,967 juu ya usawa wa bahari. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, unaupita kwa karibu mita 2,000, na bado kila mwaka maelfu ya watu huupanda Kilimanjaro kwa miguu, bila kushika kamba. Eiger nao una njia zake zilizozoeleka. Mwaka 1858 Charles Barrington, raia wa Ireland, alifika kileleni kupitia upande wa magharibi akiongozwa na Christian Almer na Peter Bohren. Mwaka 1921 Mjapani Yuko Maki pamoja na waongozaji watatu wa Uswisi waliupanda kupitia ukingo mkali wa Mittellegi.

Jina la kutisha limetokana na upande mmoja tu. Ukuta wa kaskazini, wenye kimo cha mita 1,800 hivi, unasimama wima juu ya malisho ya ng'ombe, hoteli na stesheni ya treni ya Kleine Scheidegg. Tangu mwaka 1935 zaidi ya watu 60 wamepoteza maisha yao humo.

Idadi hiyo inaumiza, lakini si kubwa kuliko zote katika Alps. Matterhorn umeua zaidi ya watu 500 tangu ulipopandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865. Basi kwa nini Eiger ndio unaotajwa kwa hofu ya pekee? Sababu moja ni kwamba vifo vyake vingi vilitokea mbele ya macho ya watu. Sababu ya pili, iliyo nzito zaidi, imo katika namna ukuta wenyewe unavyoua. Misiba mikubwa ya Eiger ikipangwa mmoja baada ya mwingine, ni mara chache inapoonekana kwamba waliokufa walikosa nguvu au ujuzi wa kupanda mwamba. Wengi walikuwa miongoni mwa wapandaji hodari wa kizazi chao. Kilichowamaliza ni muda: walikaa ukutani saa nyingi kuliko ukuta ulivyoruhusu, na walipotaka kurudi wakakuta njia imefungwa.

Namna ukuta ulivyo

Eiger ni mwamba wa chokaa. Katika sehemu kubwa ya chini tabaka zake zimelala zikielekea nje kama vigae vya paa, hivyo mahali ambapo vidole vingetafuta ukingo wa kushika pana mteremko unaoteleza. Misumari ya chuma inayogongwa kwenye nyufa ili kubeba kamba haishiki vizuri kila mahali. Katikati ya ukuta kuna nyuga tatu za barafu, moja juu ya nyingine, zikitenganishwa na vipande vya mwamba. Juu zaidi kuna uga wa nne, ambao Wajerumani wameuita Buibui Mweupe kutokana na mifereji ya theluji inayotoka humo na kusambaa pande zote. Kinachoporomoka kutoka sehemu za kileleni, liwe jiwe, theluji au maji, hukusanywa na mifereji hiyo, hupitia kwenye Buibui, kisha humwagikia nyuga za chini. Mpandaji hana njia rahisi ya kukwepa mahali hapo. Sharti apite.

Njia ya kawaida ya ukuta haiendi juu moja kwa moja. Inaelekea kushoto chini ya mwamba mkubwa, inavuka nyuga za barafu, inapanda ufa mrefu wa kimshazari, kisha inarudi kulia kwenye ukingo mwembamba uitwao Njia ya Miungu mpaka kumfikia Buibui. Mizunguko hiyo ina matokeo mawili. La kwanza, safari ni ndefu kuliko kimo cha ukuta. La pili ndilo la hatari: mtu anayeshuka kwa kamba huenda chini wima, ilhali njia aliyokuja nayo iko pembeni. Sehemu zilizovukwa kwa kwenda ubavuni haziwezi kurudiwa kirahisi, hasa zikishafunikwa na barafu.

Hali ya hewa inazidisha ugumu. Hakuna mlima mrefu mbele ya Eiger upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo dhoruba zinazotoka nyanda za chini hugonga ukuta huu kwanza. Umbo lake lililobonyea kwa ndani hushikilia mawingu, na mara nyingine theluji huanguka ukutani wakati watu wa bondeni wanaota jua. Upepo wa joto uitwao Föhn huyeyusha theluji, maji hutiririka juu ya mwamba, kisha baridi ikirudi mwamba wote huvikwa utando wa barafu usioshikika kwa mkono wala kwa kiatu. Hata siku ikiwa nzuri kuna tatizo. Mchana wa kiangazi jua hufika sehemu za juu, barafu iliyoshikilia mawe hulegea, na mawe huanza kushuka.

Mvua ya mawe haichagui mgeni na mzoefu. Agosti 1974, kikosi cha wapandaji wataalamu kilipokuwa kikisaidia kupiga filamu ya Clint Eastwood kwenye mlima huo, Mwingereza David Knowles aliuawa na jiwe lililoporomoka.

Misiba miwili iliyoandika kanuni

Agosti 1935 vijana wawili kutoka Munich, Max Sedlmayr na Karl Mehringer, waliingia ukutani wakiwa wa kwanza kujaribu kwa dhati kuupanda katikati yake. Siku ya kwanza walikwenda vizuri. Siku ya pili na ya tatu mwendo ulipungua, kwa kuwa barafu iliwalazimu kuchonga ngazi kwa shoka na mawe yaliwafanya wajifiche. Kisha dhoruba ikafika na ukuta ukapotea ndani ya mawingu. Mawingu yalipofunguka kwa muda mfupi tarehe 25 Agosti, watazamaji waliwaona wawili hao bado wakipanda. Hawakuonekana tena wakiwa hai. Wiki kadhaa baadaye rubani Ernst Udet alirusha ndege karibu na ukuta na kuuona mwili mmoja ukiwa umeganda. Walikuwa wamekufa kwa baridi kwenye kimo cha mita 3,300 hivi, na mahali hapo pakaitwa Kambi ya Mauti. Mwili wa Mehringer ulikuja kupatikana mwaka 1962, miaka 27 baadaye.

Msiba wa mwaka uliofuata ndio unaofundisha zaidi. Julai 1936 Wajerumani Andreas Hinterstoisser na Toni Kurz, wote askari wa milimani kutoka Bavaria, waliungana ukutani na Waaustria Willy Angerer na Edi Rainer. Hinterstoisser alitatua fumbo la sehemu ya chini. Chini ya mwamba mkubwa mwekundu palikuwa na bapa laini lisilopandika. Yeye alilivuka kwa kuning'inia kwenye kamba iliyofungwa juu zaidi na kujivuta kuelekea kushoto hadi ng'ambo. Wenzake walimfuata. Wa mwisho alipovuka, wakaivuta kamba na kuondoka nayo. Walidhani hawataihitaji tena hapo.

Kisha Angerer alipigwa na jiwe kichwani. Wanne hao waliendelea, lakini majeruhi aliwapunguza mwendo, na tarehe 20 Julai wakaamua kurudi. Walipofika kwenye bapa lile, lilikuwa limevikwa barafu. Hinterstoisser alijaribu kwa saa nyingi kulivuka kurudi bila kamba ya kumshikilia. Akashindwa. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kushuka wima kwa kamba juu ya magenge yaliyochomoza.

Ndani ya mlima huo huo linapita handaki la reli ya Jungfrau, iliyokamilika mwaka 1912, na handaki hilo lina mlango mdogo unaofungukia ukutani. Mchana wa tarehe 21 Julai mlinzi wa reli, Albert von Allmen, alichungulia mlangoni na kuwaita. Walimjibu kwamba wote wako salama. Akaenda kuwachemshia chai. Aliporudi baada ya muda alisikia sauti moja tu, ya Kurz, ikiomba msaada. Theluji ilikuwa imeporomoka juu yao: Hinterstoisser alianguka hadi chini, na Angerer na Rainer walikufa wakiwa wamefungwa kwenye kamba ile ile iliyomshikilia Kurz.

Waongozaji wa Uswisi walitoka kupitia mlango wa handaki, ingawa hapakuwa na sheria iliyowalazimisha kuhatarisha maisha yao, na giza likawarudisha. Kurz, kijana wa miaka 23, alikaa usiku kucha akining'inia katika dhoruba, mkono wake mmoja ukiwa umeganda. Asubuhi waokoaji walifika chini yake lakini hawakuweza kupanda genge lililowatenganisha. Walimwambia akate kamba iliyomuunganisha na wafu, aifumue nyuzi, aunganishe nyuzi hizo na kuziteremsha ili wamfungie kamba mpya. Kazi hiyo, aliyoifanya kwa mkono mmoja na meno, ilimchukua saa kadhaa. Kamba waliyompelekea haikutosha, wakaunga nyingine kwa fundo. Kurz alianza kushuka. Fundo lilipofika kwenye pete ya chuma kiunoni mwake, likakwama. Waokoaji walikuwa mita chache tu chini yake. Alijaribu kulisukuma fundo hadi nguvu zikamwishia, akasema hawezi tena, akafa.

Kila hatua ya msiba huo inaweza kuelezwa kwa lugha ya ufundi. Kamba iliondolewa mahali ambapo ilipaswa kuachwa. Majeruhi alipelekwa juu zaidi badala ya kurudishwa mapema. Hakuna aliyevaa kofia ngumu, kwani wapandaji wa wakati huo hawakuzitumia. Waokoaji hawakuwa na kamba moja ndefu ya kutosha. Lakini nyuma ya makosa hayo kulikuwa na dhana moja, kwamba wataingia, watashinda na watatokea juu. Safari nzima ilipangwa kwa kuelekea mbele, na kurudi hakukuandaliwa.

Jimbo la Bern lilipiga marufuku kupanda ukuta huo, amri ambayo haikudumu. Nchini Uingereza Kanali Edward Strutt, mhariri wa Alpine Journal, aliwashutumu vikali vijana wa Kijerumani na Kiaustria kwa kile alichokiona kuwa wendawazimu. Shutuma hizo zilikuwa na chembe ya ukweli, kwa sababu siasa za wakati ule zilikuwa zimeugeuza ukuta kuwa uwanja wa kuthibitisha ushujaa wa taifa. Hata hivyo zilifunika jambo muhimu: vijana waliofuata walikuwa wamesoma somo la 1936 kwa makini kuliko wakosoaji wao.

Waliorudi, na waliofika

Mwaka 1937 Mathias Rebitsch na Ludwig Vörg walipanda hadi zaidi ya Kambi ya Mauti. Hali ya hewa ilipoharibika waligeuka, na wakashuka wakiwa hai. Kabla yao hakuna aliyewahi kurudi kutoka juu kiasi hicho. Waliweza kwa sababu walikuwa wameacha kamba kwenye bapa la Hinterstoisser, ikiwasubiri. Katika historia ya Eiger tendo hilo lina uzito sawa na ushindi wenyewe, kwani lilithibitisha kwamba ukuta unaweza kumwachilia mtu aliyejiandaa kutoka.

Ushindi ulikuja mwaka mmoja baadaye, ingawa Juni 1938 Waitaliano wawili, Bartolo Sandri na Mario Menti, walikuwa wamekufa wakijaribu. Tarehe 21 Julai Waaustria Heinrich Harrer na Fritz Kasparek walianza kupanda. Siku iliyofuata Wajerumani Anderl Heckmair na Ludwig Vörg waliwafikia kwenye Uga wa Pili wa Barafu. Tofauti ya mwendo ilitokana na vifaa. Heckmair na Vörg walivaa kramponi, yaani miiba ya chuma inayofungwa chini ya viatu, za aina mpya zenye meno mawili yaliyochomoza mbele. Waliweza kupanda barafu wakikanyaga kwa ncha za viatu. Kasparek alikuwa na kramponi za zamani, na Harrer hakuwa nazo kabisa, hivyo walikuwa wakichonga ngazi moja baada ya nyingine. Kazi iliyowachukua hawa saa kadhaa, wale waliimaliza kwa muda mfupi.

Timu mbili zikawa moja, Heckmair akiongoza. Walipokuwa kwenye Buibui Mweupe, maporomoko ya theluji yaliwapitia juu. Kasparek aliumizwa mkono, lakini wote wanne walishikilia. Kwenye nyufa za mwisho Heckmair aliteleza, na Vörg alipomzuia, jino la kramponi likamtoboa kiganja. Tarehe 24 Julai, saa tisa na nusu alasiri, walifika kileleni katikati ya dhoruba.

Miezi minne kabla ya hapo Austria ilikuwa imemezwa na Ujerumani. Waaustria wawili na Wajerumani wawili katika kamba moja walikuwa zawadi kwa propaganda ya Wanazi, na wanne hao walipelekwa kupigwa picha pamoja na Hitler. Harrer, ambaye baadaye alijulikana kwa miaka yake ya Tibet na kwa kitabu chake juu ya Eiger, alikuwa mwanachama wa kikosi cha SS, jambo lililomwandama hadi uzeeni. Vörg aliuawa vitani mwaka 1941 upande wa Urusi. Kupanda kwao kunabaki kuwa kazi ya ustadi mkubwa, na matumizi yake ya kisiasa yanabaki kuwa aibu. Mwandishi mwaminifu hana budi kuyaweka mawili hayo pamoja.

Kufa mbele ya darubini

Kuna milima mingi ambayo mtu akikwama hakuna anayemwona. Eiger una baraza la hoteli lenye darubini. Tangu miaka ya 1930 wageni wa Kleine Scheidegg waliweza kunywa kahawa huku wakiwatazama watu wakipigania maisha yao, na waandishi wa habari walituma taarifa saa kwa saa. Macho hayo yaliwaokoa baadhi, kwa sababu taarifa za dharura zilifika haraka. Pia yalizaa hukumu za haraka.

Hakuna aliyeumizwa na hukumu hizo kuliko Mwitaliano Claudio Corti. Agosti 1957 yeye na mwenzake Stefano Longhi waliungana ukutani na Wajerumani Günther Nothdurft na Franz Mayer. Longhi alianguka na kukwama kwenye ukingo mdogo, akiwa hawezi kuvutwa. Juu zaidi Corti naye alijeruhiwa. Wajerumani walimwachia hema na kuendelea kwenda kuleta msaada. Waokoaji kutoka mataifa kadhaa walikusanyika kileleni, miongoni mwao Mfaransa Lionel Terray na Mwitaliano Riccardo Cassin, chini ya uongozi wa Mjerumani Ludwig Gramminger. Walitumia winchi na waya wa chuma. Alfred Hellepart aliteremshwa mamia ya mita peke yake hadi alipomfikia Corti, akamfunga mgongoni, na wakavutwa pamoja mpaka juu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuokolewa kwa njia hiyo kutoka kwenye ukuta huo.

Longhi hakufikiwa. Alifia pale alipokuwa, na mwili wake ulibaki ukining'inia, ukionekana kwa darubini, hadi ulipoondolewa mwaka 1959.

Corti aliyenusurika alikabiliwa na tuhuma. Wajerumani wawili walikuwa wametoweka, naye hakuweza kueleza mambo yote kwa mpangilio. Magazeti, na hata wapandaji wenye majina, walimshuku kwamba aliwadhuru au aliwaibia vifaa. Mwaka 1961 miili ya Nothdurft na Mayer ilikutwa upande wa magharibi, kwenye njia ya kuteremkia. Walikuwa wamemaliza ukuta wote na kufa kwa uchovu na baridi wakiwa njiani kushuka. Corti alikuwa amesema kweli. Miaka minne ya kusingiziwa ni sehemu ya historia ya hatari za Eiger, ingawa haihesabiwi kwenye orodha ya vifo.

Mbio za kupunguza saa

Maendeleo yote yaliyofuata yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kama juhudi za kupunguza muda ambao mtu anabaki ukutani. Mwaka 1947 Terray na Louis Lachenal walikuwa wa pili kuukamilisha ukuta. Mwaka 1950 Waaustria Leo Forstenlechner na Erich Waschak waliumaliza kwa saa 18, bila kulala humo hata usiku mmoja. Kamba za nailoni, zilizo nyepesi na imara kuliko za katani, zilienea baada ya vita, nazo kofia ngumu zikawa kitu cha lazima. Mwaka 1963 Mswisi Michel Darbellay aliupanda peke yake, wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1964 Daisy Voog akawa mwanamke wa kwanza kuukamilisha. Mwaka 1974 Reinhold Messner na Peter Habeler walitumia saa 10.

Karne ya 21 ilileta mwendo ambao Heckmair asingeuamini. Mswisi Ueli Steck alipanda peke yake mwaka 2008 kwa saa 2 na dakika 47. Mwaka 2011 mwenzake Dani Arnold akatumia saa 2 na dakika 28, na mwaka 2015 Steck akarudi na kufikisha saa 2 na dakika 22. Ni rahisi kuyaona hayo kama mashindano ya sifa tu. Lakini mpandaji wa saa mbili anapita chini ya Buibui kwa dakika chache, mahali ambapo wa 1938 walikaa saa nyingi wakipigwa na theluji. Nafasi ya jiwe kumpata inapungua.

Gharama ya mwendo huo ni kwamba hakuna kamba inayomshikilia. Kosa moja dogo la mguu halina marekebisho. Kwa hiyo kasi haiondoi hatari. Inaihamisha kutoka mlimani na kuiweka mikononi mwa mpandaji mwenyewe. Steck aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, na mwaka 2017 alianguka na kufa kwenye mlima wa Nuptse huko Nepal.

Wapo waliochagua mwelekeo mwingine, wa kukaa ukutani muda mrefu kwa makusudi. Machi 1961 Toni Hiebeler, Toni Kinshofer, Anderl Mannhardt na Walter Almberger waliupanda kwa mara ya kwanza wakati wa baridi, ingawa sifa yao ilipungua ilipojulikana kwamba mwanzo wa safari yao ya mwisho ulikuwa mlango wa handaki, si chini ya ukuta. Mwaka 1966 Mmarekani John Harlin aliongoza kundi lililotaka kupita katikati wima, majira ya baridi, kwa kufunga kamba njiani na kupanda na kushuka kwazo kwa wiki kadhaa. Tarehe 22 Machi moja ya kamba hizo nyembamba, iliyokuwa imechakaa kwa kusuguliwa na mwamba, ilikatika. Harlin alianguka na kufa. Siku tatu baadaye Mskoti Dougal Haston pamoja na Wajerumani wanne walifika kileleni, na njia hiyo ikapewa jina la Harlin. Hata hapo muda ulidai malipo yake, kwani kila siku kamba iliyobaki ukutani ilizidi kuliwa na upepo na mawe.

Badiliko lililookoa roho nyingi zaidi lilitoka nje ya upandaji. Kuanzia miaka ya 1970 helikopta za Uswisi ziliweza kumchukua mtu kutoka ukutani kwa waya. Safari ya waokoaji iliyochukua siku mbili wakati wa Kurz na zaidi ya hapo wakati wa Corti, ikawa suala la saa chache hewa ikiwa tulivu. Utabiri wa hali ya hewa nao uliboreka kiasi cha mpandaji kuweza kujua kabla hajaondoka kama ana siku moja nzuri au tatu. Hata hivyo, katika dhoruba helikopta hairuki, na aliyekwama ndani ya wingu yuko karibu pale pale alipokuwa Sedlmayr.

Barafu inapoondoka

Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa wazi: ukuta unapandwa Julai na Agosti. Siku ni ndefu, baridi inavumilika, mwamba unaweza kukauka. Leo kanuni hiyo imepinduka. Wapandaji makini wanaukwepa ukuta wakati wa kiangazi na kuujia kuanzia vuli hadi mwanzo wa majira ya kuchipua, katika baridi ile ile ambayo babu zao waliihesabu kuwa kifo. Baridi huyashikilia mawe mahali pake, na theluji iliyoshikamana vizuri huwapa kramponi na mashoka ya barafu mahali pa kukita. Catherine Destivelle wa Ufaransa aliupanda peke yake Machi 1992, ndani ya siku moja ya majira ya baridi.

Kilichosukuma badiliko hilo ni ufundi mpya kwa upande mmoja, na joto kwa upande mwingine. Mwaka 2022 na 2023 kwa pamoja barafu za milima ya Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake. Kwenye Eiger, nyuga za barafu zilizotoa jina kwa sehemu za njia hubaki mawe matupu na changarawe kiangazi kinapokuwa kikali. Julai 2006, upande wa mashariki wa mlima, mwamba wenye zaidi ya nusu milioni ya mita za ujazo uliporomoka juu ya bonde la Grindelwald, baada ya barafu iliyokuwa ikiuegemeza kupungua. Vumbi lake lilionekana kutoka mbali.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda Uswisi kuliona jambo hili. Mwaka 1978 Messner, yule wa saa 10 za Eiger, alipanda na Konrad Renzler ukuta wa Breach wa Kilimanjaro, akitumia nguzo ya barafu iliyoning'inia kati ya mapande ya mwamba. Barafu ya mlima huo imekuwa ikipungua miaka yote iliyofuata. Njia ya barafu si barabara. Inaweza kuandikwa kitabuni, ikachorwa, ikapewa jina, kisha ikatoweka wakati walioichora bado wako hai.

Hapo ndipo uchambuzi wa Eiger unapofika kwenye swali jipya. Maarifa ya miaka 90, yaliyolipiwa kwa maisha ya watu zaidi ya 60, yalijengwa juu ya ukuta wenye barafu ya kudumu inayoganda na kuyeyuka kwa mpangilio unaotabirika. Sehemu ya maarifa hayo bado inafaa: acha njia ya kurudi, usikae chini ya Buibui mchana wa jua, geuka mapema mwenzako akiumia. Sehemu nyingine imepitwa na wakati. Anayepanga kupanda leo huulizia kwanza hali ya barafu wiki hiyo, kisha utabiri wa hewa, na tarehe za vitabu vya zamani humsaidia kidogo sana. Na kwa kuwa siku zenye hali nzuri zimekuwa chache na taarifa zake husambaa haraka, timu nyingi hujikuta ukutani siku moja, moja juu ya nyingine. Aliye chini hupigwa na vipande vya barafu vinavyovunjwa na shoka la aliye juu, na mwepesi hulazimika kusubiri nyuma ya mzito mahali ambapo hakuna nafasi ya kupitana. Saa zilizopunguzwa na kramponi, nailoni na mazoezi zinaanza kurudishwa na foleni, na hilo ni tatizo ambalo waongozaji wa Grindelwald na wapandaji wenyewe bado hawajapata kanuni ya kulitatua.